Dubai, Johannesburg au Paris? TVA wanayorudisha kule na duwane inayongoja Luano

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, wa Kamalondo anamwoza binti yake mwezi wa kumi na mbili. Juzi alinikalisha kwenye kiti cha plastiki barazani, akanimiminia munkoyo, kisha akatoa ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha: gauni la bibi harusi, suti mbili, viatu, mkufu na pete, ordinateri (kompyuta) anayoitaka bwana harusi, manukato, seti ya sufuria. Pembeni, kwa biki nyekundu, alikuwa ameandika: Dubai 5, Joburg 15, Paris 20.

"Mdogo wangu, Paris ndiko wanakorudisha nyingi. Si bora nipitie Paris?"

Anasema juu ya TVA (VAT), kodi iliyomo ndani ya bei ya dukani, ambayo msafiri anaweza kurudishiwa akiondoka na alichonunua. Namba zake ni sahihi. Dubai TVA ni asilimia 5 tangu Januari 2018, Afrika Kusini ni 15 tangu Aprili 2018, Ufaransa ni 20. Kosa ni kwamba Yaya anazisoma kama zawadi. Anayekurudishia ishirini ndiye aliyekukata ishirini kwanza, tena harudishi zote. Halafu ndege inatua Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, na hapo duwane (forodha) ya kwetu inaanza hesabu yake upya, bila kujali kule ulipewa nini.

Nimekaa na ile karatasi siku mbili. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikayapanua kidogo kwa yeyote anayefunga valizi kutoka Lubumbashi.

Kwanza, kwa nini wanarudisha

TVA ni kodi ya mtu anayetumia kitu katika nchi hiyo. Ukinunua viatu Paris ukavivalia Kampemba, Ufaransa inakubali kwamba hukuvitumia kwake, basi inaachia kodi yake. Haikuhurumii wala haikuvutii kama mteja. Inasema tu: kodi hii itozwe huko kitu kinakokwenda.

Na kitu kinakwenda wapi? Kinakuja kwetu. Kwa hiyo sababu ile ile inayokupa haki ya kudai pesa kule ndiyo inayoipa Kongo haki ya kukutoza TVA yake, asilimia 16, iliyoanza hapa Januari 2012. Nimesikia watu wakipandisha sauti mbele ya mizigo yao: "Mimi TVA nimelipa Dubai!" Hoja hiyo haina miguu. Hata kama hukurudishiwa senti, ile ni ya Dubai, hii ni ya kwetu.

Jambo la pili dogo la hesabu, maana linawakosesha hata wasomi. Asilimia 20 inapigwa juu ya bei kabla ya kodi. Kitu cha 100 kinauzwa 120. Ukitoa zile 20 ndani ya 120, ni kama 16.7 kwa mia ya pesa uliyotoa mfukoni. Kwa hiyo hata kama Paris ingerudisha kila sentimu, usingepata ishirini kwa mia ya kilichoandikwa kwenye risiti.

Dubai

Kodi ndogo, marejesho madogo, utaratibu mwepesi. Sharti la kwanza: dukani ununue vitu vya dirhamu 250 au zaidi, na duka liwe limesajiliwa kwenye mpango wa watalii. Unatoa pasipoti wakati wa kulipa, wanaingiza jina lako kwenye mashine. Una siku 90 za kuondoka na vitu. Uwanjani, kabla ya kupeleka valizi, unapita kwenye gishe (dirisha la huduma) la kampuni inayoendesha mpango huo, wanaangalia pasipoti, risiti na wakitaka mzigo wenyewe, kisha unachagua kupewa taslimu au kwenye kadi.

Hawarudishi yote. Wanatoa asilimia 87 ya TVA, na juu ya hapo wanakata dirhamu 4.80 kwa kila risiti. Tuiangalie ordinateri ya bwana harusi, tuseme ni dirhamu 3,675, yaani kama dola 1,000, kwa kuwa dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725. TVA iliyomo ni dirhamu 175. Asilimia 87 ni 152.25. Toa 4.80, unabaki na 147.45, yaani dola 40. Si haba.

Sasa chukua kitu kidogo, blanketi la dirhamu 262.50. TVA iliyomo ni 12.50. Ukikata vyote unabaki na dirhamu sita na senti kidogo, dola moja na nusu hivi. Kwa dola moja na nusu utasimama kwenye foleni na blanketi mkononi, ulitoe kwenye mfuko, ulirudishe. Mimi blanketi naliacha. Afadhali kukusanya manunuzi kwenye duka moja, risiti moja, kuliko risiti kumi zinazoliwa 4.80 kila moja.

Ila kuna jambo ambalo watu wetu wanalijua kwa miguu. Mtu wa Lubumbashi akifika Dubai haendi sana kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi na marumaru. Anaingia Deira, kwa wauzaji wa jumla, anapatana bei, analipa taslimu, anafungiwa maboksi na kuyapeleka kargo. Huko marejesho ya mtalii hayamhusu. Mpango ni wa vitu unavyoondoka navyo wewe mwenyewe, kwa risiti ya duka lililosajiliwa. Boksi linalosafiri peke yake si la mtalii. Na hakuna ubaya wowote: punguzo la kupatana Deira mara nyingi linazidi hiyo asilimia nne. Ila usizihesabu zote mbili.

Johannesburg

Hapa ndipo nilipomshangaza Yaya, kwa sababu Joburg watu wanaichukulia kama safari ya hospitali na vipuri vya gari. Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Luano, safari fupi kuliko kuzunguka Addis. Na marejesho yake ni mazito.

Jumla ya risiti zako inatakiwa kuzidi randi 250, kiwango ambacho mtu anakivuka kwa shati moja. Siku ni 90 vilevile. Kodi ni 15 juu ya bei, na wanaosimamia malipo wanakata 1.5 kwa mia ya bei yote, kodi ikiwemo. Suti ya randi 11,500 ina TVA ya 1,500 ndani yake. Ada ni 172.50. Unarudishiwa 1,327.50. Hiyo ni zaidi ya 11.5 kwa mia ya pesa yako, karibu mara tatu ya Dubai.

Wenzetu wengi wanakwama kwenye karatasi. Risiti ya kawaida ya kaunta haitoshi kwa kitu cha bei. Ikizidi randi 5,000, fakitire (ankara) iwe kamili: neno linaloonyesha ni fakitire ya kodi, namba ya TVA ya muuzaji, tarehe, maelezo ya kitu, na jina lako na anwani yako. Anwani ya Lubumbashi, siyo ya binamu wa Yeoville anayekulaza. Muuzaji ataiandika ukimwomba palepale. Ukirudi kesho yake atakuambia mashine imefunga siku.

Uwanjani OR Tambo, unaanza na duwane yao kabla ya kukabidhi mizigo, wanaviona vitu, wanapiga muhuri kwenye fakitire. Kisha unapeleka valizi, unavuka ukaguzi wa pasipoti, na ndani ndiko kuliko na gishe la malipo. Kuna hatua mbili, na ya kwanza haiwezi kurukwa.

Chakula cha msingi kama unga wa mahindi na mchele hakina TVA Afrika Kusini, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Hoteli, mgahawa na daktari wa meno navyo havihesabiwi, maana hivyo umevitumia huko huko.

Paris, Brussels, na yule ndugu anayekaa huko

Ulaya ndiko kwenye kodi kubwa, na ndiko kwenye kukatwa kwingi. Ufaransa wanataka manunuzi yazidi euro 100 kwenye duka moja, uwe na miaka 16 au zaidi, na uwe huishi ndani ya Umoja wa Ulaya. Duka linakupa bordero, fomu ya kudai marejesho, yenye mistari ya kusomwa na mashine. Una hadi mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi wa kununua. Pale uwanjani kuna mashine zinazoitwa PABLO: unaweka bordero chini ya taa, skrini inakuwa ya kijani, umemaliza. Ikiwa nyekundu, unakwenda kwa mtu wa duwane na kitu chako.

Pesa yenyewe? Kati ya duka na wewe mara nyingi kuna kampuni inayofanya kazi ya kurudisha, nayo inakula. Viatu vya euro 120 vina TVA ya euro 20 kamili. Mkononi utapata mara nyingi kitu kama 12 hadi 14, na ukitaka taslimu kabla ya ndege badala ya kusubiri kadi, wanaweza kukata tena. Kwa hiyo lile "20" la Yaya kwa biki nyekundu, likifika mfukoni, ni 10 hadi 12 kwa mia. Yaani ni Joburg tu, kwa tiketi ya bei kubwa zaidi.

Kuna mtego wa safari. Watu wetu wengi wananunua Paris, wanapanda treni kwenda kulala kwa ndugu Brussels, na ndege wanaipanda Zaventem, uwanja wa Brussels. Muhuri unapigwa mahali unapotoka Umoja wa Ulaya kwa mara ya mwisho. Gare du Nord, stesheni ya treni ya Paris, si mahali hapo. Bordero ya Kifaransa utaipeleka kwa duwane ya Ubelgiji uwanjani, wataigonga muhuri wa mkono, maana mashine za PABLO ni za Ufaransa. Kisha unaituma. Ukisahau, umetupa.

Sasa ndugu. Familia gani Lubumbashi haina mtu Matonge ya Brussels? Wazo linakuja haraka: "Kaka atanunua, atakuja navyo Krismasi, atadai yeye." Hawezi. Haki hii haifuati pasipoti ya Kongo wala rangi ya ngozi, inafuata makazi. Anayeishi Brussels ni mkazi wa Ulaya, hata akiwa na pasipoti yetu, na TVA aliyolipa ni yake ya kudumu. Kinyume chake pia ni kweli: Mkongomani mwenye pasipoti ya Kibelgiji anayeishi hapa Bel-Air akionyesha uthibitisho wa makazi anaweza kudai. Nimeshuhudia mjadala huu ukiharibu chakula cha Jumapili nzima.

London nilimfutia Yaya kabisa. Tangu Januari 2021 Uingereza iliondoa marejesho kwa watalii wanaobeba vitu vyao. TVA yao ni 20 na inabaki kwao.

China, kwa haraka

Wapo wanaokwenda Guangzhou. China nayo ina mpango: TVA ya 13, mtalii anarudishiwa 11 ukitoa ada, na tangu Aprili 2025 kiwango cha chini kilishuka hadi yuani 200 kwenye duka moja kwa siku. Lakini soko la jumla la Guangzhou ni kama Deira: vibanda haviko kwenye mpango. Kwa harusi moja sioni sababu ya kwenda huko.

Je, mpaka wa Kasumbalesa?

Mtu atauliza: kwa nini kuruka angani wakati Zambia iko kilomita tisini na kitu kwa barabara? Swali zuri kwa sufuria na vinywaji, si kwa gauni. TVA ya Zambia ni 16 kama yetu, na bei ya Chililabombwe au Kitwe tayari inayo ndani. Kuna pia utaratibu mwepesi wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani, ila unahusu vitu vilivyotengenezwa ndani ya nchi za COMESA na vilivyo kwenye orodha iliyokubaliwa. Simu ya China iliyonunuliwa Kitwe haigeuki kuwa ya Zambia kwa kupita Kasumbalesa.

Tena mpaka wa barabara una tabia zake. Mwezi wa nane 2024, baada ya Kongo kuzuia baadhi ya vinywaji kutoka nje na madereva kulalamika, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache. Aliyekuwa na kreti za harusi upande wa pili alijifunza kwamba asilimia si kitu kama geti limefungwa.

Hesabu moja ya kuweka kwenye simu

Badala ya kulinganisha kodi, linganisha bei ya mwisho. Nimemwandikia Yaya hivi: kitu chenye lebo ya dola 1,000 Dubai, ukisharudishiwa, kimekugharimu 960 hivi. Ili Joburg ikufikishe kwenye 960 hiyo hiyo, lebo yake inaweza kusoma hadi 1,085. Paris, ukichukulia marejesho ya 12 kwa mia, hadi 1,090. London lebo isizidi 960, maana hakuna kinachorudi.

Kwa maneno mengine, ukiwa Joburg dukani na simu mkononi, ukaona ordinateri ile ile Dubai ni 1,000 na hapa ni 1,070, nunua hapa. Ikiwa 1,150, acha. Hesabu hii inafaa tu ikiwa kweli utadai na utapata. Ukijua wewe ni mtu wa kufika uwanjani dakika za mwisho ukitokwa jasho, chukulia kila mahali ni London.

Nasema hivyo kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, nikitoka Ulaya, nilifika kwenye gishe la duwane na bordero tatu mkononi na uso wa mtu anayekwenda kupokea pesa. Mama mmoja akaniuliza kwa upole: vitu viko wapi? Viko kwenye valizi. Valizi iko wapi? Niligeuka nikatazama mkanda unaobeba mizigo, mtupu, mpira mweusi ukizunguka. Valizi ilikuwa imeshaingia tumboni mwa uwanja kama nusu saa hivi. Euro arobaini na kitu zikaishia hapo. Tangu siku hiyo vitu vya kudaiwa navifunga juu kabisa ya valizi, na valizi sikabidhi mpaka muhuri ukauke.

Luano

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo pesa kubwa ilipo.

Duwane yetu ni DGDA. Wazee bado wanasema Ofida, na si kosa la zamani sana: DGDA ilichukua nafasi hiyo kwa dekreti ya mwezi wa kumi na mbili 2009, na kitabu cha sheria za duwane tunachokifuata ni cha Agosti 2010. Ushuru wa kuingiza una makundi makuu matatu: 5, 10 na 20 kwa mia. Vitu vya matumizi vilivyo tayari, kama nguo, mara nyingi huangukia juu. Ushuru unapigwa kwenye thamani ya kitu pamoja na usafiri na bima, siyo bei ya duka peke yake. Halafu TVA ya 16 inapigwa juu ya hiyo thamani pamoja na ushuru. Ni kodi juu ya kodi, na hapo ndipo watu wanapodhani wameibiwa.

Chukua thamani ya dola 1,000, usafiri na bima vikiwemo:

Kundi la 5: ushuru 50, TVA 168, jumla 218.
Kundi la 10: ushuru 100, TVA 176, jumla 276.
Kundi la 20: ushuru 200, TVA 192, jumla 392.

Na bado kuna ada za mashirika mengine, OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, ni mojawapo, na manukato na pombe vina accise yake, ushuru wa bidhaa maalumu. Weka hizo dola 392 kando ya dola 40 za Dubai. Weka kando ya 115 za Joburg. Unaona sasa kwa nini sikutaka Yaya achague nchi kwa biki nyekundu? Tofauti yote kati ya nchi mbili za kununulia ni ndogo kuliko tofauti kati ya kuhesabiwa msafiri na kuhesabiwa mfanyabiashara.

Maana hilo ndilo swali la Luano. Vitu vyako mwenyewe vya safari, nguo unazovaa, ordinateri moja unayoifanyia kazi, si bidhaa. Bidhaa inatambulika kwa wingi na kwa mpangilio. Pea kumi na mbili za viatu vya aina moja, kuanzia saizi 36 hadi 41, hazina mguu mmoja, na afisa anajua hivyo kabla hujafungua mdomo. Suti mbili za saizi moja zilizoandikwa kwenye orodha ya harusi ni hadithi tofauti na suti ishirini kwenye nailoni.

Na hapa ndipo karatasi ya kule inapokutana na meza ya huku. Ili urudishiwe Joburg ulihitaji fakitire kamili, jina lako, bei halisi, muhuri. Karatasi hiyo hiyo, au ile bordero iliyogongwa, iko kwenye mkoba wako ukitua. Wapo wanaobeba fakitire mbili, ya kweli kwa ajili ya marejesho na ya "ndogo" kwa ajili ya duwane. Mimi sifanyi, na siyo kwa utakatifu. DGDA ina haki ya kukataa bei uliyotangaza na kuweka yake, pamoja na faini, na ukikutwa na zote mbili umewaandikia mashitaka mwenyewe. Fakitire ya kweli inakulinda pia upande wa pili: afisa akisema gauni lako ni la dola 2,000 kwa kulitazama tu, unamwekea karatasi inayosema 700 yenye muhuri wa duwane ya nchi nyingine. Nimeona ikifanya kazi.

Ukilipa, omba karatasi ya malipo yenye jina la DGDA na kiasi. Pesa isiyo na karatasi haikufika serikalini.

Manukato ya uwanja wa ndege

Yaya alikuwa na mpango wa akiba: manukato tutachukua Addis, dukani uwanjani, "bila duwane". Nilicheka, akanikasirikia. Maduka yale hayana kodi ya nchi unayotoka, basi. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwa gundi hauna kinga yoyote Luano. Chupa mbili za kwako na za bibi harusi hakuna atakayekusumbua. Chupa thelathini za wageni wa harusi ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Na bei yenyewe, nimeshakuta manukato yale yale kwenye duka la avenue Mama Yemo yakiwa nafuu kuliko ya uwanjani, maana muuzaji wetu ameyaleta kwa wingi.

Tulichoamua

Paris imefutwa. Joburg Yaya atakwenda siku nne, kwa gauni na suti, kwa sababu pale gauni litapimwa mwilini na fundi atalirekebisha kabla ya kuondoka, na kwa sababu vitu viwili vya bei kubwa ndivyo vinavyofaa zaidi fakitire kamili na muhuri mmoja. Ordinateri ataiangalia palepale, ikizidi ile hesabu ya 1,085 ataiacha, na jirani wa bwana harusi anayekwenda Dubai mwezi ujao ataileta kama yake moja. Mkufu na pete vitatoka kwa sonara wa hapa hapa mjini. Sufuria ni Kasumbalesa au soko la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, atakayekuwa na gari ndiye atakayeamua.

Viatu vya wasindikizaji, pea nane, bado tunabishana. Yaya anasema wasichana wanane watasafiri naye kichwani mwake na kila pea ina mwenyewe. Nimemwambia awaandike majina kwenye maboksi.